Shajara ya mradi: Stockholm kwa miguu na kwa vyombo

2 Septemba 2023. Mpango

Wiki ya pili sasa tangu nifike. Chumba nimepata, kadi ya maktaba nimepata, ratiba ya masomo ya uhandisi wa maji nimeibandika ukutani. Naanza shajara hii kwa sababu jana babu alinipigia kutoka Nungwi akaniuliza swali nililoshindwa kulijibu: "Vyombo vya huko vikoje?"

Babu ni fundi wa majahazi. Ameshika tezo tangu hajabaleghe, na hakuwa anapiga soga. Nikamwambia nimeviona kwa mbali tu, nikiwa kwenye basi. Akanyamaza kidogo. "Sasa kwa mbali umeona nini, mjukuu wangu?"

Basi mradi wenyewe ni huu: matembezi kumi na mawili kabla sijarudi nyumbani Juni. Kila tembezi liende penye maji, au penye chombo, au penye kitu ambacho babu angependa kukishika kwa mkono wake. Nauli na kiingilio visipite krona 250 kwa mara moja. Nikirudi chumbani namtumia ujumbe wa sauti usiku huohuo, na swali lake lolote litakuwa kazi yangu ya safari inayofuata.

9 Septemba. La kwanza: Slussen

Mji huu umekaa juu ya visiwa 14, pale ambapo ziwa Mälaren linamwagikia bahari ya Baltiki. Slussen ndipo penye mlango wa maji unaotenganisha viwili hivyo. Ziwa liko juu ya bahari kwa sentimita 70 hivi. Upande mmoja maji matamu, ndiyo wanayokunywa watu wa mji, upande wa pili maji yenye chumvi kidogo, chache sana ukilinganisha na yetu. Ujenzi umetapakaa kila mahali, mashine zinanguruma, lakini nilipata nafasi kwenye ukuta nikakaa saa nzima kutazama feri ya kisiwa cha Djurgården ikienda na kurudi.

Swali la babu: "Bamvua linafika wapi?"

Nilirudi kesho yake kuangalia alama kwenye ukuta, halafu nikasoma. Baltiki haina kupwa na kujaa kwa kuonekana. Maji hupanda na kushuka kwa upepo na mgandamizo wa hewa, lakini lile la kwetu, la bahari kuondoka mita nne na kuacha ngalawa zimelala mchangani, halipo. Nilipomwambia alishangaa kwa dhati. "Basi chombo wanakipandishaje kukikalafati?" Kukalafati ni kuziba nyufa za mbao. Kwetu unakileta maji yakijaa, yanapwa, unafanya kazi chini ya tumbo lake mpaka maji yarudi. Sikuwa na jibu. Nimeliandika kwenye karatasi juu ya meza.

Kitu kingine nilichokipata katika kusoma, na kimenikaa moyoni: ardhi yenyewe hapa inapanda, milimita 5 hivi kwa mwaka. Zamani za barafu kuu ilikandamizwa, na mpaka leo inaendelea kuinuka. Mälaren lilikuwa ghuba ya bahari, likageuka ziwa kwa sababu nchi iliinuka ikalifungia mlango.

17 Septemba. La pili: Gamla Stan

Mji wa kale. Vichochoro vyake ni kama vya Mji Mkongwe kwa wembamba, ila mawe yake meusi na hakuna baraza za kukaa watu. Kichochoro cha Mårten Trotzig kina upana wa sentimita 90 mahali pembamba zaidi, na ngazi 36. Nilinyoosha viwiko nikagusa kuta zote mbili.

Nyuma ya kanisa la Kifini kuna ua mdogo, na ndani yake sanamu ya mtoto wa chuma amekaa kakumbatia magoti anatazama juu. Urefu wake ni kama shibiri. Mtu alikuwa amemvisha kofia ya sufu nyekundu na skafu, na miguuni pake watu wameacha sarafu. Kichwa kimeng'aa kwa kupapaswa. Nilikuwa na upweke mwingi wiki ile, na yule mtoto aliyevalishwa kofia na mtu asiyemjua alinifariji kuliko nilivyotarajia.

7 Oktoba. La tatu: Vasa

Nitaandika kirefu, kwa sababu tangu jana sijawaza kitu kingine.

Makumbusho haya yako Djurgården. Ukiingia ni giza na ubaridi, macho yanachukua muda, halafu unaiona omo, sehemu ya mbele, imekujia juu kwa juu. Ni merikebu nzima, ya mbao, urefu wa mita 69 ukihesabu na mti wa mbele, na karibu yote ni mbao zilezile za asili. Rangi yake nyeusi kama kahawa iliyokaangwa sana. Tezi, yaani sehemu ya nyuma, imejaa sanamu za kuchonga: simba, wapiganaji, wafalme wa kale, mamia kwa mamia.

Iliundwa kwa amri ya mfalme Gustav II Adolf. Tarehe 10 Agosti 1628 ilitweka matanga kwa safari yake ya kwanza. Upepo mdogo tu ukaiinamisha, ikainuka. Wa pili ukaiinamisha tena, maji yakaingia kwa madirisha ya mizinga ya chini yaliyokuwa wazi, ikazama mbele ya watu waliokuja kuiaga. Ilikuwa imekwenda mita 1,300 hivi. Watu kama 30 walikufa. Ikalala chini miaka 333, mpaka Anders Franzén alipoigundua mwaka 1956, na tarehe 24 Aprili 1961 ikaibuliwa juu.

Nilikaa saa tatu. Nilitafuta mkuku, ule uti wa chini wa chombo, nikahesabu mataruma, mbavu zake, yanayoonekana kwa madirisha yake, nikatazama vichwa vya misumari. Nilimrekodia babu dakika kumi na moja.

Majibu yake yalikuja alfajiri, jumbe nne mfululizo. Hakuuliza habari ya sanamu wala mfalme. Ya kwanza: "Farumi yake ngapi?" Ya pili: "Mizinga ilikuwa tabaka ngapi?" Ya tatu: "Nani alipima?" Ya nne aliirekodi baada ya sala, sauti imetulia: "Na hao waliokufa, walizikwa?"

21 Oktoba. La nne: Vasa tena

Haikuwa kwenye mpango. Nimelipa kiingilio mara ya pili na sijuti.

Farumi, uzito wa chini wa kukituliza chombo: mawe tani 120 hivi. Mizinga 64 ya shaba, tabaka mbili kamili, na tabaka zote mbili zimebeba uzito mkubwa. Chombo kilikuwa kizito juu, chembamba chini. Nilidhani dawa ingekuwa kuongeza mawe. Nikaona kwa nini isingewezekana: kila jiwe unaloongeza linaishusha merikebu, na madirisha ya mizinga ya chini yanakaribia maji. Kosa lilikuwa katika umbo lenyewe, tangu mkuku ulipolazwa.

Nani alipima: fundi mkuu, Henrik Hybertsson, aliugua akafa mwaka 1627 kabla ya kazi kwisha. Ndani ya merikebu wamekuta rula nne za mafundi. Ziko kwenye kabati la kioo, na niliinama mpaka pumzi yangu ikafanya ukungu kwenye kioo. Mbili zinapima kwa futi ya Sweden, mbili kwa futi ya Amsterdam, ambayo ni fupi. Mafundi wa chombo kimoja, kila mmoja na kipimo chake. Na ukubwa wa mbao za upande mmoja wa merikebu haulingani na wa upande wa pili.

Jambo lililonitia huzuni zaidi ni hili. Kabla ya safari walijaribu uthabiti wake: wanaume 30 walikimbia kutoka ubavu mmoja mpaka mwingine. Mara ya tatu ilipoyumba sana, amiri Klas Fleming akawasimamisha, ikihofiwa itapinduka pale pale gatini. Kisha wakaiacha iende. Mfalme alikuwa mbali vitani na alitaka meli yake. Baadaye likafanywa baraza la uchunguzi, na hakuadhibiwa mtu.

Waliokufa: mifupa ya baadhi yao ilipatikana ndani, na chini kabisa ya makumbusho kuna chumba chao. Nyuso zao zimetengenezwa upya kutokana na mafuvu. Nilisoma Fatiha kimya, nikatoka.

Babu alisikiliza yote. Kuhusu wale wanaume 30 waliokimbizwa alisema kwa ukali ambao sijapata kuusikia kwake: "Chombo kimesema. Kimesema mara tatu. Mwenye mali hakutaka kusikia, na fundi aliyebaki hakuwa na kauli." Kisha akauliza vipi mbao zimedumu, maana kwetu mbao iliyozama huliwa na wadudu wa baharini ikawa kama mkate. Hapo nilikuwa na jibu: wale wadudu watoboao mbao wanataka chumvi, na chumvi ya Baltiki ni haba mno kwao. Baada ya kuibuliwa, mbao zilinyunyiziwa dawa miaka 17 ili zisipasuke zikikauka. "Miaka kumi na saba," babu akarudia. "Mashua nyingi hazifiki umri huo."

25 Novemba. La tano: vituo vya treni ya chini

Giza limeingia na mitihani nayo. Wiki tano bila tembezi. Leo nimekata tiketi moja ya krona 39, ya dakika 75, nikashuka kituo baada ya kituo. Vituo vingi vya hapa vimechorwa na wasanii. T-Centralen, njia ya buluu, imepakwa matawi na majani makubwa ya buluu juu ya mwamba, na mahali pamoja msanii Per Olof Ultvedt amechora vivuli vya wafanyakazi waliokuwa wakikijenga kituo, na kofia zao na nyundo zao. Solna centrum ni jekundu tupu juu, msitu wa kijani chini.

Nilichokipenda mimi ni mwamba. Wameuacha hivyohivyo, mapangoni kweli, unaweza kuushika. Mgumu, baridi, hauna hata tundu. Kwetu mawe ni ya matumbawe, unayakata kwa shoka. Babu: "Jiwe hilo zito?" Zito sana, babu. Akaguna kwa namna yake ya kuweka jambo akibani.

10 Desemba. La sita: Stadshuset, ng'ambo

Jioni ya karamu ya Nobel. Mimi nilisimama ng'ambo ya pili, juu kwenye kilima cha Södermalm, theluji mpaka kifundo cha mguu, nikitazama ukumbi wa jiji unavyowaka. Jengo la matofali milioni 8 hivi, mnara wa mita 106, mataji matatu ya dhahabu kileleni. Ragnar Östberg ndiye aliyelisanifu, na limetimiza miaka 100 Juni hii iliyopita. Jua lilikuwa limezama kabla ya saa tisa alasiri.

Nilimwaza Abdulrazak Gurnah, mtoto wa Unguja aliyetoka nyumbani kijana sana na kupewa tuzo ya fasihi mwaka 2021. Mwaka ule kwa sababu ya korona nishani yake alikabidhiwa London. Nilikaa mpaka vidole vikakosa hisia. Babu hakuwa na swali, aliniambia nivae soksi mbili.

20 Januari 2024. La saba: Brunnsviken

Nimetembea juu ya maji. Kwa miguu, na viatu vyangu vya kawaida, katikati ya ghuba ya Brunnsviken, na watoto wakiteleza pembeni yangu.

Utaratibu wao ni wa watu wanaoheshimu maji. Barafu safi isiyo na theluji ndani yake, unene usipungue sentimita 10, na mtu unavaa shingoni vijiti viwili vyenye ncha ili ukizama ujichomeke ukingoni na kujivuta. Mwenzangu wa darasani alitoboa tundu akanionyesha: sentimita 22. Barafu inalia. Ni mlio mrefu, wa chini, kama kamba nene inayokazwa mbali, unaanzia upande mmoja wa ghuba na kukupita chini ya nyayo. Mara ya kwanza niliganda nilipo. Mwenzangu akasema ikilia ndiyo hai.

Simu ilizimika kwa baridi kabla sijarekodi mlio ule, na tiketi yangu ya basi ilikuwa humo humo, nikarudi kwa miguu saa nzima. Tangu leo simu inakaa kifuani, ndani ya koti.

Babu alinitaka niape. Nikaapa.

28 Februari. La nane: Sveavägen

Hapa hapana maji, lakini babu ndiye aliyeomba. Anakumbuka redio ilivyotangaza mwaka 1986 kwamba Olof Palme, waziri mkuu wa Sweden, ameuawa akirudi kutoka sinema na mkewe, bila mlinzi. Jina lake lilijulikana hata kwetu, kwa urafiki wake na Mwalimu Nyerere na kwa msimamo wake dhidi ya makaburu.

Mahali penyewe ni njia ya waenda kwa miguu tu, kwenye kona. Bamba la chuma limelazwa chini, kiasi cha kulipita usipoangalia. Leo maua yalikuwepo. Kaburi ni mwendo wa dakika chache, ua wa kanisa la Adolf Fredrik, jiwe kubwa lisilochongwa lenye saini yake. Niliweka salamu za babu kwa Kiswahili, kwa sauti.

23 Machi. La tisa: msikiti wa Medborgarplatsen

Ramadhani imeangukia Machi, na kwa bahati saa za mchana zimekaribiana na za nyumbani: leo tumefuturu saa kumi na mbili na dakika chache. Msikiti huu ulikuwa kituo cha umeme, kazi ya Ferdinand Boberg aliyependa majengo ya Andalusia, na tangu mwaka 2000 ni msikiti. Ndani bado unaona urefu wa dari uliokuwa wa mitambo. Tende, supu, na mzee wa Kisomali aliyeishi Malindi akanisikia lafudhi akanikumbatia. Tulizungumza Kiswahili mpaka Isha. Ilikuwa miezi tangu nizungumze Kiswahili na mtu uso kwa uso.

20 Aprili. La kumi: Beckholmen na Skeppsholmen

Leo nimepata jibu la swali la Septemba.

Beckholmen ni kisiwa kidogo kando ya Djurgården, na jina lake linatokana na lami, maana hapo ndipo ilipokuwa ikishughulikiwa. Kwenye mwamba wamechimba mabirika makubwa ya kuingizia meli. Chombo kinaingia, mlango unafungwa, maji yanapigwa bomba mpaka yakauke, nacho kinabaki kimekaa juu ya magogo, kikavu. Wamejichimbia maji kupwa yao wenyewe. Kulikuwa na meli ya abiria ya zamani ndani, tumbo lake jekundu wazi, na mafundi wawili wanakwangua.

Nilivuka kwenda Skeppsholmen. Gati la mashariki limejaa vyombo vya mbao vya watu binafsi. Mzee mmoja alikuwa anakalafati. Nilisimama nikatazama mikono yake: anasokota uzi wa katani, anaupanga kwenye ufa, patasi butu, nyundo, tak, tak, anasogea. Sisi tunatumia pamba na mafuta, yeye katani na lami ya msonobari, ile ambayo mabaharia wa nchi nyingi waliiita kwa jina la mji huu. Harufu yake ni ya moshi na utamu. Lakini mkono ni uleule, ule mpindo wa kifundo kabla nyundo haijashuka. Nilimwomba ruhusa nikarekodi dakika mbili za video.

Nilimpigia babu hapohapo, nikawakutanisha kwa video. Hakuna lugha kati yao. Babu akanyanyua tezo yake kwenye kamera. Mzee akanyanyua nyundo. Babu akaniambia, "Mwambie anapiga karibu mno na ukingo." Nikatafsiri kwa Kiingereza, mzee akatazama ufa, akacheka, akakubali.

11 Mei. La kumi na moja: Historiska

Mvua. Haya ni makumbusho ya historia. Katika vyumba vya Waviking kuna sarafu za fedha za Kiarabu, nyembamba kama ganda la kitunguu, na maandishi ya Kikufi niliyoyafuata herufi kwa herufi mpaka nikapata jina la Mwenyezi Mungu. Zilifika huku kwa mito ya Urusi, kwa biashara ya manyoya na watumwa, karne ya tisa na ya kumi. Karne hizohizo dini na fedha za Waarabu zilikuwa zikishuka pwani yetu kwa pepo za kaskazi.

Babu ameanza mashua mpya, mkuku umeshalazwa. Akaniambia: "Ukija usilete zawadi. Niletee jiwe moja la huko, lile zito, nilitie kwenye farumi."

15 Juni. La kumi na mbili: Vaxholm

Boti kutoka Strömkajen, zaidi ya saa moja, visiwa kushoto na kulia. Kwa jumla, ukihesabu mpaka vile vya mwamba mtupu, vinafika 30,000 hivi. Vimelainishwa na barafu ya kale, mviringo, kama migongo ya viboko. Usiku haukuja. Saa tano za usiku bado nilikuwa nasoma kwenye sitaha bila taa.

Jiwe sikuliokota huko. Sikuona vizuri kuchukua kitu cha ardhi ya watu bila kuuliza.

16 Juni

Nimekwenda Skeppsholmen kumuaga yule mzee na kumwomba ushauri wa jiwe. Alisikiliza, akashuka ndani ya chombo chake, nikamsikia anasogeza vitu ngamani. Akapanda na jiwe la kijivu lenye mshipa mweupe, limelainika pande zote, limelowa, linanuka lami. Lilikuwa farumi yake.

Nimelipima jikoni: kilo 3 na gramu 400. Nimetoa vitabu viwili na koti la baridi, nimelizungushia sweta, nimeliweka katikati ya sanduku chini kabisa, mahali babu aliponielekeza.